Ngeli ya Chungu

Sindano namba mbili, kadi ya pembetatu, gundi kidogo:
ndivyo ninavyompandisha chungu juu ya jina lake.
Kazi yangu ni lebo. Kumi kwa saa nikiwa mzima,
moja kwa saa siku kama leo,
mvua ya saa nane imeufunga msitu wa Isecheno
na taa ya darubini inakonyeza kila stima ikiyumba.

Himaya: wanyama. Faila: wenye miguu ya pingili.
Ngeli: wadudu.
Hapo mwalimu Muhonja wa darasa la sita, Khayega,
angeninyang'anya kalamu: ngeli ya A-WA, wewe!
Chungu anapita, chungu wanapita,
si kile cha kupikia, hicho ni KI-VI na kina masizi.
Na kipo chungu cha ulimi, dawa ya malaria.
Na ipo chungu nzima, ndiyo hii mezani,
mia mbili na kumi na saba
kutoka gogo moja la mukumari lililoangushwa na upepo.

Kiuno: kifundo kimoja.
Vipapasio vimeota mbali kidogo na mdomo,
kama mtu aliyesogeza kiti nyuma apate kuona.
Ubavuni hana kile kitundu cha jamaa zake.
Na mgongo haukatiki,
umepinda mara moja tu, toka shingoni hadi kiunoni.
Kwa Kigiriki ndilo jina la jenasi: mgongo uliopinda.
Watu wa kawaida humwita seremala.

Baba yangu alikuwa vyote viwili.

Lihanda wa Lubao, randa mkononi, penseli sikioni,
maranda yakimfunika viatu.
Alimwonyesha chungu kwa ncha ya patasi:
"Huyu hali mbao, usimsingizie. Anachonga chumba,
unga anautupa nje. Kama mimi.
Ila mimi nalipwa."
Akafikiri. "Mara nyingine."

Spishi ndipo ugomvi.
Mmoja alimpa uspishi kamili,
mwingine akamshusha akawa nususpishi,
wa tatu akasema ni rangi tu, miguu ya manjano huku,
ya kahawia kule, acheni kelele.
Lebo hii nimeibadilisha mara tatu.
Chungu hakusogea.

Halafu mtawanyiko. Ramani iko ukutani,
nukta nyekundu: Kisumu, Mumias, Kakamega mjini,
Kapsabet, moja Nakuru karibu na stesheni.
Niliitazama mwaka mzima ndipo nikaona:
nukta zimefuata lami na reli.
Si alikoishi chungu. Ni gari lilikopita,
na mahali mkusanyaji alipopata chai na kitanda.
Butula, peupe. Shibuye, peupe,
kana kwamba huko mbao haziozi.

Na Shibuye ndiko kwetu.
Mwimo wa mlango wa mama ni wa mukumari,
baba aliuranda mwaka aliooa.
Usiku wanatoka, wakubwa wenye vichwa kama nyundo,
wadogo nyuma yao,
na asubuhi pana kifungu cha unga kizingitini,
laini, rangi ya uji wa wimbi.
Mama hufagia. Dawa hataki.
Husema, "Waache. Fundi hakuumaliza,
wenzake wanamalizia."
Mlango sasa unaburuza upande wa kulia.

Jumamosi nilienda na kichupa cha spiriti.
Nilikaa kizingitini na tochi hadi jogoo wa kwanza,
mmoja akanipanda kidoleni,
mgongo wake uking'aa, umepinda vilevile.
Nikarudi na kichupa.
Ndani, spiriti tu.

Kanuni iko wazi, nimeiandika mwenyewe
na kuibandika juu ya kabati:
hakuna nukta bila mdudu.

Shibuye nimeiweka kwa penseli.